Mchumba Aliyeulizwa Dhamira

Watu wengine wakisikia mvua juu ya bati hukimbilia kuanua nguo. Mzee Metafa akisikia mvua juu ya bati husema, "Tanakali sauti!" kisha hukaa kitako kuifurahia, na nguo zinalowa. Alikuwa amefundisha fasihi ya Kiingereza maisha yake yote, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya metafa, yaani sitiari, aliyoiona hadi pale isipokuwepo. Wanafunzi walidhani wanamtania. Yeye alidhani wanamheshimu. Kwa hiyo kila mtu aliridhika.

Sebuleni kwake, pale ambapo wenzake hutundika picha za harusi, palikuwa na ubao mdogo mweusi wenye amri tatu zilizoandikwa kwa chaki: Taja. Toa mfano. Eleza athari. Ndivyo shairi la Kiingereza lilivyotakiwa kuchambuliwa, na ndivyo kila neno lililotamkwa ndani ya nyumba ile lilivyochambuliwa, hata kama ni Kiswahili cha kuombea chumvi. Mkewe aliposema jiko la chuma limegoma kuwaka, mzee alimpongeza kwa tashihisi, maana amelipa jiko tabia ya mtu. Jiko lenyewe hakulitupia hata jicho. Mama akaendelea kupikia jiko la jirani, akiwa na pongezi zake.

Kitindamimba wao aliitwa Nukta. Baba alimpa jina hilo kwa kuwa ndiye aliyefunga orodha ya watoto, na lilimkaa vizuri kwa sababu hakuwa msemaji. Shule aliiachia darasa la sita. Hakuweza kusimama mbele ya wenzake akafungua kinywa, kwani nyumbani amezoea sentensi yake kusahihishwa kabla haijafika mwisho. Baba aliliita jambo hilo tanzia, akalieleza kwa ufasaha mkubwa kwa kila mgeni. Mama akampeleka binti kujifunza kushona.

Nukta alikuwa amekwisha kuposwa mara mbili. Wa kwanza, dereva wa lori, alisema, "Mzee, binti yako ni ua."

"Sitiari iliyochakaa," mzee akajibu. "Ua gani? Na athari yake ni nini?"

Dereva alitazama viatu vyake muda mrefu. "Ua la kawaida," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wake.

Wa pili, muuza simu, aliapa kumpenda Nukta hadi milima iyeyuke. "Chuku," mzee alikata kauli, "na milima haihusiani na mada." Mara zote mbili alimgeukia binti, binti akainamisha kichwa, na baba akawatangazia wageni kwamba ukimya ule una matabaka mengi ya maana. Kusema kweli haukuwa na tabaka hata moja. Nukta hakumtaka dereva, muuza simu ndiyo kabisa, na alishukuru kuona baba akimfanyia kazi ya kukataa bila yeye kufumbua mdomo.

Balaa ni kwamba wa tatu alimtaka.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilipakana na duka ambalo Nukta alishonea. Alianza kwa kuleta suruali iliyotobolewa na cheche. Kesho yake akaleta nyingine. Nukta alitia viraka akinyamaza, ila hata asiyemaliza shule anajua kwamba hakuna suruali inayoungua namna ile kwa bahati mbaya.

"Nitamwambia baba yako nakutaka, basi," fundi alisema walipokwisha kuelewana.

"Sema hivyo uone. Utageuzwa hata kiti hakijapata joto."

"Na mjomba, mshenga wangu, ameshaapa. Mlango mmoja anabisha mara moja tu. Akikataliwa harudi, hata abembelezwe na bibi harusi mwenyewe."

"Basi jifunze. Taja, toa mfano, eleza athari."

"Kwani nakuja kuposa au nakuja kufanya mtihani?"

"Kwetu ni kitu kimoja."

Akamfundisha huku anapiga pindo. Kwa fundi maneno yalimtoka bila kukwama, akajishangaa. Kila istilahi iliyomchosha mezani kwa baba sasa ilikuwa tamu: tashbihi, tashihisi, takriri. Fundi naye alisoma kama alivyosomea kazi yake, hatua kwa hatua, bila kuruka. Siku waliyotenga kwa ajili ya dhamira waliipoteza wakibishania rangi ya mapazia.

Jumapili mchana fundi akaja na mjomba wake, muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti nene kuliko mwili. Mzee Metafa alivaa tai, akatia chaki mfukoni kama mtu anayekwenda vitani. Mama alimimina chai. Nukta aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, roho mkononi.

Fundi akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Shikamoo tena, mzee."

"Takriri," mzee alijisemea, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tashbihi," fundi akaanza. "Mfano: nampenda binti yako kama chuma kinavyoshikana na chuma kikishachomelewa. Athari yake ni kumfanya msikilizaji aone kwamba hatutaachana kirahisi."

Mjomba alipaliwa na chai. Nukta alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemfundisha afikiri hivyo kisha aseme kama watu wanavyosema, na huyu bwana anawapa wageni chakula pamoja na masufuria!

"Tashihisi. Mfano: nyumba yangu inamwita. Athari yake ni kuionyesha nyumba kuwa ina upweke, ingawa ina vyumba viwili na kabati."

"Mwanangu," mjomba akanong'ona, kwa mnong'ono uliofika barabarani, "umekula nini leo?"

Lakini mzee alikuwa analengwalengwa na machozi. Katika kufundisha kwake kote hapakuwahi kutokea mwanafunzi wa kujibu kikamilifu namna ile. Alitoa chaki, akaweka alama ya vema ubaoni, kisha nyingine. "Endelea, kijana! Usimsikilize mtu!"

"Takriri. Mfano: namtaka, namtaka, namtaka. Athari yake, msisitizo."

"Msisitizo!" mzee alinguruma, kama vile ameletewa habari ya urithi.

Nukta akaanza kupumua. Hapo ndipo baba alipovuta kiti mbele, akapandisha miwani.

"Vizuri mno. Sasa niambie, dhamira ya maneno yako ni nini?"

Fundi alimtazama Nukta. Nukta aliwaza mapazia.

"Dhamira, mzee?"

"Ndiyo. Lile jambo kuu lililojificha chini ya maneno."

"Mimi sijaficha kitu. Nataka kumuoa."

"Hapana, hapana. Hilo linaelea juu juu, hata mtoto analiona. Pengine unazungumzia upweke wa mwanadamu katika zama za viwanda? Maana chuma kimejitokeza sana."

"Chuma ndiyo kazi yangu, mzee."

"Mtunzi mara nyingi hajui alichokisema," mzee alimwambia kwa huruma, akajipangusa chaki vidoleni. "Mbinu unazo, kijana. Kina huna. Kajisomee, urudi mwakani."

"Mwakani!" Mjomba alitua kikombe, akainuka, akaanza kuvaa koti. "Tumesikia, mwalimu. Na mimi mlango mmoja nabisha mara moja."

Mama, ambaye hadi hapo alikuwa ameshika birika tu, akalitua.

"Baba Nukta, wewe uliponiposa ulisema nini?"

"Mama, hayo si ya mbele za wageni."

"Alikuja kwetu," mama akamweleza mjomba, "akaketi, jasho likamchuruzika, akamwambia marehemu baba, 'Ndiyo.' Wala hakuwa ameulizwa kitu."

Mjomba, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, aliketi tena ili asikie vizuri.

"Ilikuwa taharuki," mzee alijitetea. "Nilikuwa naijenga."

"Ulijenga mpaka wenyewe tukaanza kusinzia."

Mzee alikohoa. Akatafuta pa kushika, akapaona palepale pa siku zote. "Mnamwona binti yangu? Ameinamisha kichwa. Ukimya huu, mabwana, una matabaka mengi ya—"

Nukta alijua sentensi hiyo inakoishia. Ni yeye aliyemwazima baba ukimya huo mara mbili, na baba alikuwa amezoea, sasa anautumia kama wake. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. Alikitazama kiraka kwenye goti la fundi, mshono wake mwenyewe, akasimama.

"Namtaka."

Chaki ikaishia hewani.

"Namtaka," mzee alirudia, akilionja neno. "Hebu tulitazame. Ni kejeli? Unasema hili na kumaanisha kinyume chake?"

"Hapana, baba."

"Ni chuku?"

"Hapana."

"Basi ni tamathali gani?"

"Si tamathali, baba. Ni jibu."

Mzee aligeukia ubao, akautazama juu mpaka chini akitafuta pa kuliweka neno lile, asipaone. Nyuma yake mjomba alikuwa anavua koti na kuomba sukari, mama ameshika birika tena, anacheka hadi linatetemeka, na fundi anajifuta macho kwa mkono wa shati uliotobolewa na cheche. Mzee akageuka, akawaona.

"Athari yake," akasema polepole, "naiona."

Akafuta ubao kwa mkono wa koti lake, akakaa. Kisha akamwinamia fundi.

"Kijana, ukishamaliza chai ukalitazame lile jiko letu. Limeharibika."

Neno hilo kavu lilimtoka kwa taabu kama jino. Hiyo nayo ni tashbihi, lakini siku hiyo hakuna aliyeitaja.