Mkataba wa Flora

Mama Calist aliponipigia simu kusema anataka kumwandikia binti yangu mkataba wa kazi, nilijua kuna jambo. Flora anamfanyia kazi za ndani pale Singida Mjini mwaka wa tatu sasa, anapika, anafua, analea mapacha, na hakuna siku mtu alitaja mkataba. Leo umetoka wapi? Nikaziacha alizeti zangu uani, nikapanda gari la asubuhi kutoka Iguguno.

Alinikaribisha kwa chai na chapati za mayai. Nikazidi kuingiwa na wasiwasi. Bosi wa mtoto wako akikukaangia mayai, ujue ana shida na wewe.

"Mama Flora, ni utaratibu tu," alisema. "Mfanyakazi wa ndani naye ni mfanyakazi. Awe na siku yake ya kupumzika, awe na likizo, na nimwandikishe NSSF. Atakatwa kidogo kila mwezi, na mimi nitaongezea mchango wangu."

"Atakatwa? Na kodi nayo?"

"Kodi ya mshahara haimgusi, mshahara wake haujafika kiwango hicho. Ni akiba yake tu ya baadaye."

Nilimtazama usoni, nikamtazama na mikono. Nani anamwekea akiba mtoto wa mwenzake? Mimi shangazi zangu wa damu hawajaniwekea hata kuku. Nikawaza labda anataka kumfunga binti asiolewe, awalee hao mapacha mpaka waote ndevu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mama alikuwa amejikalia karibu yangu mno.

Kisha akasema lililonileta mjini bila mimi kujua. "Na mshahara utaingia kwenye simu ya Flora mwenyewe. Sheria inataka alipwe aliyefanya kazi."

Nikaweka kikombe chini. Kwetu sisi, binti akiwa mjini, mshahara unakwenda kwa mama, na mama anamnunulia mbuzi. Watu wote wa Iguguno wanajua. Ukipita njiani unaonyeshwa, wale mbuzi wa Flora, wale wa Agnes. Pesa ya kwenye simu haizai. Nikaona mchezo wote: mshahara ukibaki humu ndani, huyu mama atakuwa anaukopa na kuurudisha akijisikia.

"Hapana," nilisema. "Hatusaini."

Flora alitoka jikoni akikausha mikono. Akapiga goti, "Shikamoo mama," nikaitikia. Nikamgeukia kwa Kinyiramba, maana bosi wake ni mtu wa Moshi na haambulii neno. Nikamwambia asiguse kalamu, huyu mwanamke ni mjanja, nguo zake azifungashe tuondoke wote.

Akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kusikika sebule nzima.

"Mama, mkataba niliuomba mimi."

"Nani kakutia maneno?"

"Hakuna. Mbuzi wangu wako wapi?"

"Wako malishoni."

"Wangapi?"

Swali gani hilo la kumuuliza mzazi mbele ya watu! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia kaka yake Simeoni alikuwa anaoa, ukoo mzima ulichangia mahari, na yeye ni sehemu ya ukoo. Nikamwambia mbuzi wanazaa, watarudi.

"Najua," alisema. "Simeoni alinishukuru kwa simu. Alidhani uliniuliza."

Mama Calist aliinamia karatasi zake kama mtu aliyeona nukta za ajabu. Nilitamani anitetee, yeye niliyekuwa namtukana moyoni tangu asubuhi. Flora akakaa, akasoma ukurasa wa kwanza na wa pili bila haraka, akasaini.

"Kuna sehemu moja ya kujaza kwenye fomu ya NSSF," Mama Calist alisema taratibu. "Ikitokea umefariki, akiba yako apewe nani?"

Nilijua ataandika jina la mwingine. Nilikaza shingo, nikatazama dirishani, nisije nikaonekana nalia kwenye nyumba ya watu.

"Andika mama yangu," Flora alisema. "Nikifa, apewe yote. Nikiwa hai, aniulize kwanza."