Kilo Alizotaja Bibi Yake

...mikono juu, hivyo hivyo, mshike kwenye viwiko, kichwa kikae katikati ya mikono yake asigeuke, amesema kijana wa eksirei, nami nimeshika, na huo ubao mgongoni kwa mwanangu lazima una baridi maana amestuka akanitazama kama vile ni mimi niliyeuweka hapo, pole baba, pole, ni picha tu, haiumi, wanasema haiumi, na hii aproni niliyovishwa ina madini ya risasi ndani, inanivuta mabega kama mtoto wa pili, lakini yeye hana kitu juu, kifua wazi, mbavu zote nje, na kumi na mbili, mama mkwe amesema kumi na mbili, pale mlangoni, kijana alipouliza mtoto ana kilo ngapi, mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo yeye akaniwahi, kumi na mbili baba, tena zinazidi, na kijana akasema haya, akaenda nyuma ya kile kioo, nikasikia vidole vyake kwenye vitufe, ti, ti, ti, nami nikanyamaza, nani anamkatalia mkwewe mbele ya watu, lakini si kumi na mbili, ni nane na nusu, nilimpima kliniki juzi akiwa uchi kama alivyozaliwa, na mizani haina mkwe... nane na nusu, mtoto wa mwaka na nusu... na yule mzee aliyetoka kabla yetu, tumbo limetangulia mwenyewe anafuata, mlango haukufungwa vizuri tukasikia wote kwenye benchi, kijana akimwambia, mzee wangu wewe una mwili mpana, mionzi ya kawaida haitafika upande wa pili, nakuongezea, na mzee akajibu, ongeza tu mwanangu, hata nyumbani sisikii mpaka waongeze sauti, benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, kisha kicheko kikanikwama, maana kama mnene anaongezewa basi mwembamba anapunguziwa, hilo halihitaji hata kidato cha nne, na kidato cha nne nilimaliza, basi sasa mashine ile imeambiwa mbele yake kuna mtoto mnene, bonge, mtoto wa kwenye kopo la maziwa, na aliyepo ni huyu wangu, na mwanga wote ule wa bonge unakuja kwake, utapita vipi, utamfanya nini mule ndani, na kule ndani ndiko tunakotaka waone, daktari aliweka kile chombo chake cha kusikilizia pale chini ya chuchu ya kushoto akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena palepale, hakusema kitu, akaandika tu, na mimi naogopa daktari asiyesema kuliko anayesema...

Umemshika vizuri mama? anauliza kijana kutoka nyuma ya kioo, nimemshika daktari, mimi si daktari mama, mimi napiga picha tu, daktari ndiye anayelaumiwa, anacheka peke yake, ana sauti ya mtu aliyelala vizuri, chumba chote kina utulivu huo, mashine inanguruma chini kwa chini kama friji, sakafu imepigwa deki inanukia dawa, na taa moja ya mraba imemwangukia mwanangu kifuani na msalaba wa kivuli katikati, kama dirisha, na anautazama, anataka kuushika, tulia baba, kikohozi kimemwachia kidogo, wiki tatu kinamkaba usiku mimi nimekaa naye begani na huyu sasa ndiyo anatulia... bado tunamsubiri mtoto atulie tu, anasema kijana, nikibonyeza basi, tumemaliza... akibonyeza basi, lakini akibonyeza kwa zile kumi na mbili, sema, kwa nini husemi, sema wewe, mdomo umeshonwa, mlango wenyewe ubao mwembamba, na mama mkwe amekaa pale pale ng'ambo, namsikia akigeuza shanga za mkufu wake, nikisema nane na nusu nimesema yeye mwongo, mbele ya kijana mdogo, mbele ya benchi zima, yule mama aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua, siku zote hizo, mikono yake mwenyewe ikiungua, hakumwachia mtu mwingine, na mama yangu mzazi hakuwepo, amekwishatangulia, yeye ndiye aliyekuwepo, halafu leo nimkatalie neno... lakini ndivyo alivyo, kila mahali yeye ndiye anajibu, jirani akiuliza mbona mtoto amepungua, yeye anasema mume wangu hajapungua, amerefuka tu, anamwita mume wangu kwa sababu mtoto amechukua jina la marehemu mume wake, na marehemu alikuwa mtu wa miraba minne, picha yake sebuleni imejaa fremu nzima, na leo asubuhi alimvisha mume wake huyu sweta mbili na blanketi juu, kwenye jua lile, nikamwambia mama atapikika, akasema mwache apendeze, watu wana macho, na nikajua, si baridi anayomfichia, ni wembamba, anamjaza kama mto wa kulalia ili njiani mtu asiulize... na mimi nikamfungia vifungo, nikamsaidia, kwa hiyo mimi pia, mimi pia nilitaka wamwone mnene... na kijana alimwona hivyo hivyo mlangoni, furushi la sweta, akaambiwa kumi na mbili, ana haki ya kuamini, nilipomvua yeye alishageuka kwenye vitufe vyake, halafu akaja kumsimamisha kwenye ubao akiwa anatazama ubao na ile taa, hakumtazama mtoto, watu wa kazi hutazama kazi... na mambo mengine si ya heshima, heshima haina kifua, heshima haikohoi... sasa hivi atabonyeza...

Kaka, samahani, nimesema, na sauti imetoka kubwa kuliko nilivyoituma, kaka, hana kumi na mbili, ana nane na nusu. Shanga zimenyamaza ng'ambo ya mlango. Kijana ametoa kichwa pembeni ya kioo, kwani bibi yake si amesema, eh, bibi yake anampenda, nikasema, ndilo lililonijia, na kijana hakucheka, amekuja, safari hii amemtazama mtoto, amemtazama hasa, akachukua kutoka ukutani kitu kama koleo pana lenye namba, cha kupimia unene, mguu wake mmoja akauweka kifuani na mwingine mgongoni, taratibu, mwanangu akavuta tumbo ndani kwa ubaridi wake, akasoma, akaguna, ilinipasa nianze na hiki mimi mwenyewe, akasema, foleni inatupotosha, kwa ile ya kwanza picha ingetoka nyeusi tii mama, mapafu yote yangezama gizani, daktari angeirudisha na ningempiga tena, mara mbili bure, umefanya vizuri, na amerudi kwenye vitufe, ti, ti, ti, namsikia anashusha namba, najua anashusha ingawa mlio ni ule ule, na anasema huko huko, mwembamba kwangu ni kazi nyepesi, mionzi kidogo tu inapita, mnene ndiye anayenisumbua... mwembamba, amelisema vile tu, kama mtu anavyosema mlango au kiti, hakushusha sauti, hakuniangalia kwa huruma, hakuuliza kwani mnamlisha nini, na mimi mwezi mzima nalikwepa neno hilo kama tope njiani, na kumbe linatamkika, mtu analisema kisha anapunguza mashine ilingane nalo... lakini mlangoni kimya, ananisubiri nitoke, nitatoka na uso gani, nitaanza na samahani mama, au ninyamaze, tutarudi nyumbani kila mtu na njia yake ya kunyamaza...

Ni nane na nusu kweli, amesema mama mkwe. Ng'ambo ya mlango, polepole, si sauti yake ya kujibu majirani. Na mwezi uliopita alikuwa tisa.

Tisa... alikuwa tisa, ni kweli, lakini mwezi uliopita mama mkwe hakuja kliniki, alibaki nyumbani na mguu wake unaouma, na mimi niliporudi sikumwambia, baba wa mtoto mwenyewe sikumwambia, nilisema hajambo, anaendelea vizuri, basi amejuaje, kwa kumbeba, kwa mikono, mikono ile ile, jioni zote zile anamchukua kwangu anampima mapajani kwake huku anamwimbia mume wangu mume wangu, na mimi nikadhani anacheza, nilidhani nyumba nzima mimi peke yangu ndiye ninayemwona akipungua, nililala na hilo kifuani kama jiwe, upande huu wa ukuta, na upande ule mama mkwe amelala na lake... anaogopa, yule anaogopa kama mimi, na sweta mbili...

Uso wa mwanangu umebadilika. Amesikia sauti ya bibi na hamwoni bibi, mdomo wa chini unatoka nje, unatetemeka, na hiki hapa kilio, na ulimi wangu tayari umekwenda kwenye shii, shii baba, nyamaza, wiki tatu ndiyo kazi yangu, nyamaza usiku, nyamaza mchana, akilia anakohoa, lakini kijana anasema usimnyamazishe mama, mwache, kilio kikiisha atavuta pumzi ndefu, kifua kitajaa, hapo ndipo nabonyeza, mshike tu, na nimeshika, viwiko, kichwa, mikono juu, aproni inanivuta, na nilitegemea mlango upigwe, kilio hiki bibi yake hakiwezi, siku zote husema nipe huyo mtoto, sasa hasemi, amesikia maneno ya kijana na amekaa kimya, tumekaa kimya wote wawili, ubao mwembamba katikati yetu, tunamsikiliza, lia baba, lia, kilio kinapanda, kinakatika, kinapanda tena, chembamba, kinaisha, bado, mbavu zinaanza kufunguka...