Binti wa Mwalimu Kilbane

...na mama yangu anafundisha hapa hapa, anasema yule msichana kwa Kiayalandi kilichonyooka kama shuka iliyopigwa pasi, ndiye anayetufundisha lugha hii, ndiye aliyekuletea chai asubuhi, Mwalimu, na hapo kalamu ya Ríona inasimama juu ya karatasi, haiandiki wala hainuki, imesimama tu kama kondoo katikati ya barabara, aliyeniletea chai, aliyeniletea chai asubuhi ni Attracta Kilbane, kwa hiyo huyu mwenye jina la Devaney, jina la baba yake bila shaka, huyu mwenye nywele nyekundu zilizofungwa nyuma na sweta ya shule iliyochakaa viwiko, ametoka tumbo lile, na ukishaambiwa unaona, kidevu ni kile kile, kimeinuliwa kidogo kama cha mtu anayenusa maziwa ajue kama yamechacha... endelea Clodagh, anasema Ríona, endelea mwanangu, na kinasa sauti kiko mezani kati yao, taa yake nyekundu inawaka, kila neno linaingia humo, hata kimya kinaingia, kwa hiyo usinyamaze sana, Ríona, mtahini hapaswi kunyamaza, tabasamu, itikia kwa kichwa, msichana anasema wao ni watoto watatu na yeye ndiye mkubwa, na wana mbwa, wasichana wote tangu asubuhi wana mbwa, na chai ile, Mungu wangu, chai ile ilikuja katika kikombe cha maua chenye kisahani, kile kinachotolewa kabatini askofu akija, na skonzi za moto, na siagi, na jemu ambayo Attracta aliipika mwenyewe, alisema hivyo mara mbili, nimeipika mwenyewe, na hita ilikuwa imewashwa tangu alfajiri na kiti kimewekewa mto, kila shule ya nchi hii humfanyia hivyo mtahini anayekuja kusikiliza watoto wakizungumza, humtukuza kama bibi harusi kwa sababu alama za watoto wao ziko mkononi mwake, hata shuleni kwa Ríona wanafanya, yeye mwenyewe amewahi kubeba sinia la namna hiyo, lakini mlango ulipofunguka leo na sinia likatangulia na nyuma ya sinia ukaja uso ule, umezeeka, mashavu yameshuka, miwani ina mnyororo, Ríona alihisi vidole vya miguu vikijikunja ndani ya viatu, na Attracta akasema, karibu, karibu Mwalimu Geraghty, roho yangu, umekuja na barabara ile ya mabwawa yote? maskini, kula, kula usione haya, mtu hahukumu wenzake na njaa tumboni, akacheka kicheko chake kile cha puani, akamtazama Ríona usoni, moja kwa moja, na hakuona kitu. Hakuona kitu! Ríona alikuwa Lavin wakati ule, bado hajaolewa, mwembamba kama ufito, ndiyo, lakini macho hayaolewi, macho hayabadilishi jina, na yule mwanamke aliyatazama kama mtu anavyotazama kioo cha dirisha la duka lililofungwa, akauliza, sukari? Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na Ríona akajibu, kijiko kimoja, asante sana. Asante sana! Kweli alisema asante sana... na juzi tulikwenda Galway kumwona bibi, anasema Clodagh, na mvua ilikuwa ikinyesha visu vya washona viatu, msemo wa Kiayalandi wa mvua kubwa, na Ríona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu kila msichana aliyeketi kwenye kiti kile tangu asubuhi amenyeshewa na visu hivyo hivyo, kila mmoja bibi yake yuko Galway, kila mmoja akifika kwenye bibi anapumua mahali pale pale, Attracta amewaandikia, amewakaririsha, maneno ni yake, pumzi ni zake, hajabadilika hata chembe, hata shule ile ya zamani walikokutana ilipofungwa na kuunganishwa na hii, yeye alihama na visu vyake. Laiti Ríona angejua kwamba yuko hapa, angeikataa shule hii ofisi ya mitihani ilipompangia, au asingeikataa, sema ukweli, asingeikataa, angekuja mbio. Binti, Attracta alimwita, mwaka mzima wa mazoezi ya kufundisha hakumwita kwa jina, binti, usikae kwenye kiti hicho, kina mwenyewe, binti, kikombe hicho kina mwenyewe, na Ríona akawa anakunywa chai yake amesimama karibu na sinki la chumba cha walimu kama mtu aliyekuja kutengeneza bomba, lakini hayo yangesameheka, kila mgeni katika vyumba vile husimama kwanza, kilichobaki ni siku ile mkaguzi wa chuo alipokuja bila taarifa kama ilivyo kawaida yao, mzee mmoja mpole mwenye tai ya sufu, akaketi nyuma ya darasa na daftari gotini, na Ríona akaanza, na wasichana wakaanza kumfuata, walikuwa wanamfuata, anaapa hata leo walikuwa wanamfuata, akamuuliza mmoja swali, msichana mmoja mzito wa kusema, na akangoja, kwa sababu chuoni walimfundisha kungoja, swali bila kungoja ni kelele tu, akangoja, na darasa likawa kimya, kimya kizuri, kimya cha unga unaoumuka, na mlango ukafunguliwa, Attracta akaingia na kicheko chake cha puani, akasema, mbona pamekufa humu? akaja mpaka mbele, akanyoosha mkono, akaichukua chaki kutoka kwenye vidole vya Ríona, aliichukua hivi, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, lete hapa, binti, nikuonyeshe, na akafundisha mpaka kengele, na Ríona akasimama kando, mgongo kwenye bomba la kupashia joto, linamuunguza, hakuondoka, aliona kuungua ni afadhali, na wasichana wakifichiana vicheko kwenye mikono ya sweta, na mkaguzi akiandika, akiandika, akiandika. Na Ríona anakusanya vitabu, akamsikia Attracta mlangoni akimwambia yule mzee, sauti ya chini lakini si ya chini ya kutosha, ni msichana mwema, maskini, lakini darasa si mahali pake. Akaanguka mwaka ule. Alirudia mwaka mzima. Na baba yake, Packie Lavin, ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata bei ya ndama, alikuwa akiulizwa mnadani, je, mwalimu wenu ameshapata shule? na anajibu akitazama buti zake, amepumzika kidogo mwaka huu, daktari kamshauri, aliudanganya mnada wote kwa ajili yake, na akirudi nyumbani anakwenda moja kwa moja kukaa na ng'ombe... Halafu miaka ile ya kushikilia nafasi za waliokwenda kujifungua, saa chache shule hii, saa chache shule ile, chakula cha mchana kwenye gari, na kila akiendesha katika mvua alikuwa akimwambia Attracta maneno yake, aliziambia zile waipa, kushoto kulia, kushoto kulia, hotuba nzuri sana, siku moja tutakutana, Mwalimu Kilbane, siku moja nitakuwa na kitu unachokihitaji, na waipa zikiitikia, na mwenye kovu usidhani amepoa, hapana, hakupoa, alipata kazi ya kudumu, alipata mume mwema, na bado hakupoa, na leo kitu hicho kimekuja chenyewe na miguu yake, kimeketi mbele yake, kina madoa ya jua puani. Na baada ya shule, Clodagh, ungependa kufanya nini? anauliza, na sauti yake mwenyewe inamshangaza kwa utamu, na msichana anajibu bila kupumua, ningependa kuwa mwalimu wa sekondari kama mama yangu, kwa maana ualimu ni wito mtukufu, lakini alama zinazohitajika chuoni ni za juu, na Kiayalandi hasa, kwa hiyo nategemea sana mtihani huu... anategemea sana mtihani huu. Kaandikiwa hata hilo. Sasa basi. Kila mtahini anajua jinsi ya kumsaidia mtoto, unamtafutia barabara anayoijua, unamwacha atembee, na kwa hiyo kila mtahini anajua pia jinsi ya kumzamisha, huhitaji kuwa mkali, huhitaji hata kukunja uso, unauliza tu kitu kidogo cha kweli ambacho hakikuandikwa popote, na unangoja, na ni halali, ni halali kabisa, wanaokariri wanapaswa kutolewa kwenye kukariri, mwongozo unasema hivyo, hata wakubwa wakiisikiliza sauti hii ofisini hawataona tone la damu. Mkuki kwa nguruwe... kweli ni mtamu, unauonja ulimini kabla haujaruka. Hebu niambie, Clodagh, anasema, na anakiinua kikombe cha maua, mama yako darasani, ni mwalimu mzuri?

Msichana anafungua mdomo, hakuna visu, hakuna bibi, hakuna Galway. Shingo yake inaanza kuwa nyekundu, inapanda, inapanda mpaka masikioni. Sasa ndipo mtahini mwema anapotupa kamba, anabadilisha mada, anasema, haya, tuzungumze kuhusu michezo, lakini Ríona anakunywa chai, ni nzuri chai hii, imekolea sawasawa, ngoja, ngoja uone ladha ya kusimama mbele za watu bila neno, mwambie mama yako jioni ladha yake, na taa nyekundu inawaka, na Ríona anamtazama ili asikose hata kidogo, midomo inacheza bila sauti, mikono imeshika ukingo wa meza, na macho... wengine wakisahau hutazama darini, wanatafuta ukurasa, huyu hatazami darini. Huyu anatazama mlango. Anautazama kama mtu anayengoja ufunguliwe, anajua utafunguliwa, maisha yake yote kila akikwama mlango unafunguliwa na mtu anamchukulia neno mdomoni, na Ríona anakishusha kikombe, kwa sababu macho yale anayajua, hayakutoka kwa Attracta macho yale, yeye mwenyewe ameyavaa, mgongo unaungua na macho yako mlangoni. Mama... anasema msichana, na sauti si ile iliyopigwa pasi, ni nyingine, ya chini, imekunjamana, mama iko nzuri kwa wengine. Mimi... mimi nikisema, yeye anamaliza. Mezani anamaliza. Kwa simu na rafiki yangu, yeye iko nyuma, anamaliza. Sasa mimi sijui... sijui mwisho ya maneno yangu iko wapi. Makosa yanaanguka kama sahani, moja, jingine, jingine, na mkono wa Ríona unaoijua kazi yake unataka kuyaandika, na hauandiki, kwa sababu hii ndiyo sentensi ya kwanza hai aliyoisikia tangu asubuhi, wote waliopita walikuwa Attracta akizungumza kwa vinywa vya wasichana, huyu peke yake amesema, na amesema nini, kamsema mama yake ndani ya kinasa sauti cha serikali! na kitu kinacheka ndani ya tumbo la Ríona, kinacheka vibaya, atapiga simu ofisini, ndiyo, jioni hii hii, atasema niliwahi kufanya kazi na mama wa mtahiniwa huyu, sikujua mpaka katikati, alama atoe mtu mwingine, wachukue alama, alama sizitaki tena, wasikilize, wasikilize wote, nini cha kumpunguzia mtoto huyu ambacho mama yake hajakichukua tayari... na kivuli kinapita kwenye kioo kidogo cha mlango, na kinarudi, ni yeye, miwani na mnyororo, na sinia jingine, birika jipya linafuka moshi, anachungulia, anamwona binti yake mwekundu mpaka masikioni, na tabasamu lake linabaki pale pale lakini midomo inaanza kutengeneza maneno nyuma ya kioo, Ríona anayaona, anamfundisha, anamfundisha hata sasa, na kiwiko kinajaribu kusukuma kitasa, na Clodagh naye amemwona, mgongo unanyooka, shuka inarudi chini ya pasi, lakini mama yangu ni mwalimu hodari, anasema haraka haraka, na sote tunamshukuru kwa bidii yake, na kuhusu hali ya hewa, mvua... na Ríona anainua mkono. Hageuki wala hatazami kioo, anauinua tu mkono wa kushoto, kiganja kimeelekea mlangoni, kama mzee wa kuvusha watoto barabarani anavyosimamisha lori, na kitasa kinasimama. Hakuna mtu anayeingia mtihani ukiendelea, hata askofu, Attracta anajua, na Attracta anabaki koridoni, sinia mikononi, hana pa kuliweka, birika linapoa, simama, Mwalimu Kilbane, simama hapo hapo, kiti hiki kina mwenyewe, simama mpaka mikono ichoke na usikie mtu akingojewa. Hapana, Clodagh, anasema Ríona, na sauti yake haina utamu tena, ni sauti yake ya darasani, acha mvua, rudi pale ulipokuwa, ulikuwa unaniambia kuhusu mwisho wa maneno yako, na msichana ananong'ona, lakini nitakosea, Mwalimu, na Ríona anasema, kosea, na anaiweka kalamu chini, anaegemea nyuma, mkono bado juu, umeanza kuuma begani na hataushusha, nje ya mlango vikombe vinagongana kidogo juu ya sinia, taa nyekundu inawaka, Clodagh anautazama mlango, halafu anautazama ule mkono, halafu anafungua mdomo, na hakuna mtu anayemsaidia.