Mwaka wa Siku Nne

Mbuke hakumuuliza mkwe mtarajiwa umri wake. Mtu mwenye adabu hamuulizi mgeni miaka, tena mgeni mwenyewe katoka Nyamuswa kwa basi, kaja Makoko kuonwa na mama wa mchumba. Alimketisha kando ya mwanawe Evance, akamwandalia sato na ugali wa muhogo, akamwita mwanangu, akasema, "Evance ananiambiaga unafundisha fizikia. Hebu nifundishe na mimi."

Debora akafurahi, maskini. Alimpenda huyu Evance kwa moyo wote, na bila mama kukubali hakuna ndoa. Akaeleza habari za sayari za mbali huko, kubwa kama Mshtarii au zaidi, zinazozunguka majua yanayofanana na hili letu, ila kwa karibu kama chungu kwenye mafiga.

"Kuna ambayo mwaka wake mzima, mama, ni siku nne tu za kwetu."

"Wee! Krismasi kila baada ya siku nne!" Mbuke akapiga makofi. "Sasa wewe, mwanangu, huko ungekuwa na miaka mingapi?"

Mwalimu ni mwalimu jamani! Ukimpa hesabu haiachi njiani, na kukosea kwa makusudi hawezi. Mbuke alilijua hilo vizuri, naye alifundishaga hesabu darasa la saba mpaka akastaafu. Debora alikuwa amemwambia Evance ana miaka thelathini na mbili. Alidanganya umri siku ya kwanza kwa kuogopa kuachwa, kisha akakosa ujasiri wa kusema kweli. Lakini hesabu ilipoulizwa, kichwa kilienda kwenye hesabu.

"Elfu tatu, mia tano hamsini na tisa," akasema huku akicheka.

"Sara wa Ibrahimu alizaa akiwa na miaka tisini, tukaita muujiza," Mbuke naye akacheka. Kisha, kwa sauti ileile, "Evance, toa simu. Zidisha hiyo kwa nne, gawa kwa siku za mwaka wetu."

"Mama, nimekadiria tu..."

"Piga, baba."

Evance akapiga. Akarudia. Debora akamtazama usoni, akajua amekwisha.

"Thelathini na tisa," Evance akasema.

"Njia ya mwongo fupi." Mbuke akamsogezea mgeni sahani. "Kula, mwalimu, samaki asipoe. Umetoka mbali."

"Evance, naomba nikueleze," Debora akasema. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Evance, wa miaka thelathini na tatu, akamtazama mama yake kwanza. Mama alikuwa anatabasamu, naye akatabasamu. Akasimama, akainamisha kichwa mbele ya mchumba wake, mikono nyuma.

"Shikamoo."

Na mdomo wa Debora, uliozoea kuitikia wanafunzi kila asubuhi, ukawahi kabla hajafikiri.

"Marahaba."