Alivyotetemeka Vitalis

…ugonjwa wowote, ndivyo alivyouliza shemeji yake Silvano, mbele za watu, kwa upole kabisa, Mama Vitalis tuambie tu, marehemu alikuwa na ugonjwa wowote, naye akajifanya anavuta kanga kichwani, akashukuru Mungu kwamba Hamudi mtani wao alijitokeza uwanjani wakati uleule, kavaa miwani ya kuzamia ya marehemu na yale mapezi ya plastiki miguuni, anatembea kama bata, jamani nipisheni, mie Vitalis, Newala maji tunanunua kwa ndoo nikaona niyafuate hukohuko yanakolala, na watu wakacheka, siku ya tatu ya msiba wanacheka, mtani nani atamzuia, hata yeye mdomo ulimcheza, halafu akamwona Anwari. Anwari kakaa peke yake ukingoni mwa jamvi, watu wamemkimbia, ndiye mpiga mbizi mwenziwe Vitalis, aliyezama naye kazini kule Mikindani, wawili tu, akatoka mmoja mzima na mwingine maiti, na begi la vifaa kalileta mwenyewe mpaka huku juu, masikini, na toka juzi neno lake ni lilelile, tulikuwa chini mita kumi na mbili, akaanza kutetemeka, akautema mpira wa hewa, nikamrudishia, akautema tena, na hakuna anayemwamini, kijana wa miaka ishirini na sita, mzima kama jiwe, atetemeke tu? Kwenye simu za watu kuna video, mtu hata Newala hajafika anasimulia na muziki wa huzuni nyuma, mpiga mbizi alivyotolewa kafara, sikiliza mpaka mwisho, mara jini mwanamke kamtaka, mara Anwari alifunga mtungi wa hewa apate cheo chake, na wale vijana wa bodaboda pale barabarani wamezima pikipiki, wamekaa juu yake tu, chakula hawataki, asubuhi walikuwa wanne, sasa kumi na moja, wote wanamtazama Anwari…

Silvano anakohoa, anangoja. Ugonjwa, ugonjwa gani sasa, Vitalis alikuwa na miaka saba alipoangukia jiko la uji, mkono ukababuka, majirani akawaambia ni chai, mtoto mtundu huyu kavuta birika, na alipoanguka mara ya pili akambeba mpaka hospitali ya Ndanda, mbali, asije akakutana na anayemjua, na yule nesi mnene mwenye sauti nzito, mama, hiki ni kifafa, kinatibika, asipande miti, asiachwe peke yake karibu na moto wala maji, wala maji, alisema wala maji, naye akaitikia haya dada, moyoni anajiuliza maji gani, Newala? Vidonge vikafanya kazi, kufika miaka kumi na mbili haanguki tena, kadi ya kliniki akaitia motoni kwa mkono wake, maana kifafa ukikitamka watu hawali tena sahani moja na mwanao, na binti zako nani atawaoa… hao hapo wakwe wa bintiye Anjelina, wametoka Lukuledi toka juzi, harusi ni msimu wa korosho ukiisha, wanakunywa chai taratibu, masikio yote yako huku.

Na mwaka juzi simu, mama, kuna fomu hapa ya mafunzo ya kupiga mbizi, wanauliza kama nimewahi kuangukaanguka, ile homa yangu ya utotoni, Ndanda walisema ni nini? Malaria, baba, malaria iliyopanda kichwani, andika hapana. Una hakika, mama? Si mimi niliyekuzaa! Akacheka, akaandika. Ee Mungu wangu, kamuua, kwa neno moja la kwenye simu, huku anachambua mbaazi.

"Mama Vitalis," Silvano tena, kamwinamia, "wewe ndiye mama yake. Ukisema neno, hawa vijana watatulia."

Neno lipo, baba mdogo, lipo hapa kooni… na Hamudi sasa kalala chini, anatetemeka mwili mzima, mapezi yanapiga vumbi, ndivyo anavyosema Anwari bwana, hivi, hivi, watu hawana mbavu, na Anwari, ambaye hajacheka, akasema polepole kama anajisemea mwenyewe, "Sivyo. Ulianza mkono wa kushoto. Vidole kwanza, halafu shingo ikageuka."

Vidole kwanza. Mkono wa kushoto. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona hilo ila yeye, sakafuni, usiku na mchana, miaka mitano, na sasa huyu. Mkwe mmoja kashusha kikombe, na Anwari kainua macho, anamtazama yeye, yeye tu, kama mtu anayeanza kuelewa. Kule barabarani vijana wawili wakateremka kwenye pikipiki. Silvano bado kainama, anangoja, na Mama Vitalis akajiona, akaogopa kuliko siku ile maiti inashushwa, kwamba hamuombei Anwari asalimike, anaomba vijana wamuwahi, wamuwahi upesi, kabla hajafungua mdomo tena.