Tanga la Wendy

Haya alinieleza mwenyewe jirani yangu aitwaye Wangu, Jumapili iliyopita, tukianika omena, dagaa wa ziwani, hapa Usenge.

Maharamia wa ziwani walimwibia mumewe Muriuki injini ya mashua. Muriuki akasimamisha mlingoti, akasema atasafiri kwa tanga. Lakini yeye ni mgeni wa ziwa, hakujua kwamba ufuoni kwetu mashua hupewa jina la mwanamke aliyeshona tanga lake. Akampelekea kitambaa Wendy, mwenye cherehani, amshonee tanga. Siku ya tatu mchoraji akaandika WENDY kwenye omo, mbele kabisa, watu wote waone.

Wangu alipoliona jina hilo, alishikwa na wivu, akamuuliza mumewe:

"Baba Shiku, umeoa tena?"

"Aa, mama, ni kushona tu!"

Wangu alishusha tanga, akalifumua lote kwa wembe, akaanza kulishona upya kwa mkono, kwa uzi wa nyavu. Wendy akapita, akacheka.

"Dada, mishono imepinda hiyo!"

"Wacha ipinde. Ni yangu."

Alipomaliza kushona, jua likiwa bado juu, Muriuki alichukua brashi, akafuta jina, akaandika WANGU. Mkewe alilisoma mara mbili, akajilaza juu ya tanga, akalala.