Sanamu Iliyolala Upande

Asubuhi ya tatu mfululizo, sanamu ilikuwa imelala upande. Bibi Rula, aliyebandikwa jina hilo darasani kwa kupima kila kitu mpaka unene wa mkate wake, aliitazama akatamani kuitupa dirishani. Jana aliiacha imekaa sawasawa, ikining'inia kwa uzi mmoja uliofungwa katikati ya kijiti: kushoto majani, kulia maganda ya mbegu. Leo majani yako juu, maganda yanakaribia kugusa meza.

"Umeichezea tena," alimwambia Twiga, mwenzake wa kazi, msichana mrefu asiyejua kupandisha sauti.

"Sijaigusa, dada."

"Basi imejichezea yenyewe! Jana hukuigusa, juzi hukuigusa. Una mikono miepesi wewe."

Darasa zima likageuka. Twiga aliweka mkasi chini taratibu, akachukua mfuko wake, akahamia kwa wanafunzi wa meza ya dirishani.

Na aende. Bibi Rula alisogeza kitanzi cha uzi, huku kidogo, kule kidogo, meno kayauma. Saa sita mwalimu wa sanaa angechagua kazi za kutundikwa ukumbini, na yeye ukumbi ule aliutaka kwa kufa na kupona. Hatimaye sanamu ikatulia. Akashusha pumzi.

Mwalimu alipofika, hakuitazama sanamu kwa mbali kama alivyotarajia. Alishika jani moja kwa vidole viwili.

"Hili ulilichuma lini?"

"Jumatatu, mwalimu. Nilitaka yawe ya kijani. Yale ya wenzangu yaliyokaushwa vitabuni yamekuwa kahawia, hayapendezi."

"Maganda yako ni makavu, hayabadiliki. Majani kila usiku yanapoteza maji, yanakuwa mepesi. Nikiitundika leo, kesho imelala. Badilisheni majani, wekeni makavu, nitapita tena saa nane." Akaangalia kiti kitupu. "Mwenzako yuko wapi? Kazi ni ya wawili au zaidi, sitatundika ya mtu mmoja."

Bibi Rula alihisi uso unawaka. Siku tatu nzima, na hakuna aliyeigusa! Akaenda mpaka meza ya dirishani.

"Twiga, nimekosa. Hukuigusa. Nisamehe, dada. Turudi tubadilishe majani, muda upo."

Twiga alikuwa akifunga uzi kwenye sanamu ya wenzake wapya. Alikaza fundo kwanza, ndipo akajibu, kwa sauti ileile ya chini.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sirudi."